Chumba Kisichopigiwa Hodi

Siku dada yangu alipohamia katika chumba kile ilikuwa siku ya kawaida tu, ya jua na vumbi. Tulikodi mkokoteni, tukapakia kitanda, godoro, jiko na ndoo, na mwenye mkokoteni akatuchekesha njia nzima kwa kumgombeza punda ambaye hakuwepo, maana punda alikuwa yeye mwenyewe. Dada alicheka hadi akashika mbavu. Naanza na kicheko hicho makusudi. Watu wakisikia habari hii husema huzuni ilimtoa dada akili. Wacha waseme. Aliyemwona mtoto hakuwa dada.

Nyumba ilikuwa ndefu, yenye korido moja, milango huku na huku, bafu na choo mwishoni. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa makamo, msafi, gauni limepigwa pasi, na kiunoni amening'iniza kitita cha funguo. Wapangaji walimwita Mama Funguo. Ulimsikia kabla hujamwona. Lakini siku akitaka kukufumania, alikikamata kile kitita kwenye ngumi kisilie, akaja kimya kama paka.

Alitusomea masharti akiwa ameegemea fremu ya mlango, hata godoro hatujalitua.

"Mgeni mwisho saa kumi jioni. Kufuli lako mwenyewe, sitaki. Pazia zito, sitaki, nikipita nje nione ndani. Watoto, sitaki kabisa. Na ufunguo wa kila chumba ninao, nitaingia nikitaka. Hapa mmepanga pa kulala, hamkupanga ukuta."

"Nimekubali, mama," dada akasema, akatia saini kwenye mkataba.

Angefanyaje? Mumewe alikuwa amekwenda kutafuta maisha akayapata, na katika maisha hayo dada hakuwemo. Karakana ya kushona sare alikoajiriwa ilikuwa mtaa wa pili tu kutoka pale, na zamu ilianza alfajiri. Kwangu ni mbali, upande wa pili wa mji. Basi tukakubaliana binti yake abaki nami, na mama yake awe anakuja Jumapili.

Mtoto mwenyewe tulimwita Chiriku, kwa sababu ya mdomo wake. Akiamka anaongea, akila anaongea, akilala anaendelea alipoishia. Mume wangu alikuwa akisema huyu akikua tutamweka stendi awaitie watu mabasi. Alikuwa bado hajaanza shule.

Mama Funguo hakuwa mtu wa vitisho vya mdomo. Aliingia kweli. Dada akirudi kazini anakuta mfuniko wa sufuria umegeuzwa, shuka limetandikwa upya kwa mkono wa mtu mwingine, nguo zake za ndani zimekunjwa vizuri kuliko alivyoziacha. Hakuiba kitu. Hilo ndilo lililokuwa baya. Mwizi angalau anachukua, anaondoka. Huyu alikuwa akitazama tu. Wapangaji walilifanyia mzaha: ukiota ndoto katika nyumba ile, asubuhi Mama Funguo atakuuliza iliishaje.

Ni jirani wa mlango wa pili, muuguzi, ambaye mzaha ulimtoka. Siku moja Mama Funguo alimfungulia mlango akiwa anavaa. Akaandika malalamiko, akapita mlango kwa mlango, wengi wakatia saini. Dada naye akatia. Wakapeleka kwenye ofisi inayoshughulikia migogoro ya nyumba, wakaambiwa wasubiri.

Wakati huo Chiriku alikuwa ameanza kunisumbua. "Mama mdogo, chumba cha mama kikoje? Kina dirisha? Kitanda ni kile kile? Mimi nitakiona lini?" Alimuuliza na mama yake, Jumapili baada ya Jumapili, hadi dada akashindwa. Jumamosi moja akaja kumchukua. Alimwingiza kwenye ile korido amemfunika shuka begani kama mzigo wa nguo za kushona, na mtoto, nasikia, alikuwa akitetemeka kwa kicheko mle ndani ya shuka.

Walikuwa na furaha mchana ule. Chiriku alikuwa ameahidi kunyamaza, akawa ananong'ona. Alirukaruka kitandani akinong'ona. Alihesabu vigae akinong'ona. Kisha akalala ubavuni mwa mama yake, uso kwenye mto.

Mlango ukafunguka. Bila hodi.

Mtoto alikurupuka akakimbilia kona ambako dada alikuwa ametundika magauni yake kwenye kamba, akajibanza nyuma ya magauni hayo. Mama Funguo akavuka chumba, akayasogeza magauni pembeni, moja moja, kama mtu anayechagua nguo dukani.

"Huyu nani?"

Na dada, kwa hofu ya kutupwa nje na vyombo vyake, akajibu, "Mgeni, mama. Anaondoka sasa hivi."

Walirudi kwangu mvua imewanyeshea. Dada alinieleza baadaye kwamba njia nzima mtoto hakusema neno, Chiriku yule yule. Walipokaribia tu mlango wangu ndipo akainua uso, akauliza, "Mama, kwani mimi ni mgeni?"

Haikupita wiki homa ikamshika. Simsingizii Mama Funguo kwa hilo. Homa ni homa, mtaa mzima watoto walikuwa wanaumwa. Nilimkimbiza hospitali. Kule karakanani simu zilikuwa zinawekwa kabatini kwa msimamizi hadi zamu iishe, kwa hiyo nikapiga, nikapiga, nikapiga. Chiriku alikuwa anawaka kama pasi. Alinishika kidole akawa anarudia jambo lile lile, taratibu, kama mtu anayebembeleza bei.

"Nipeleke chumbani kwa mama. Nitanyamaza."

Nikamwambia nitakupeleka.

"Nitanyamaza kabisa, mama mdogo."

Akanyamaza.

Dada aliwasili bado ana tepu ya kupimia shingoni. Muuguzi aliyekuwa zamu ni yule jirani yake wa korido. Walitazamana tu.

Gauni la kumzikia alilishona mwenyewe, la kijani, kwenye cherehani yangu. Alitaka liwe na mifuko miwili, kwa sababu Chiriku alipenda kutia mikono mfukoni kama mwanamume mwenye mambo yake. Mfuko wa kwanza akaushona. Wa pili ukamshinda. Mikono ilikataa. Mtoto akaenda na mfuko mmoja, na tuliojua hilo ni dada na mimi, maana ndio tuliomvalisha.

Nilimsihi ahamie kwangu. Akakataa. "Kwenye mto wangu bado kuna harufu yake," akasema. Na akamwomba yule muuguzi asimwambie mtu pale nyumbani. "Mama Funguo amefunua kila kitu changu. Hiki asikifunue."

Basi akarudi, na nyumba ile haikujua kitu.

Jambo lenyewe lilianza mchana wa jua kali. Dada alitoka kazini akamkuta Mama Funguo amesimama katikati ya korido, mikono kiunoni.

"Wewe fundi, tulikubaliana nini kuhusu watoto?"

"Watoto gani, mama?"

"Usinifanye mjinga. Unakwenda kazini unamfungia mtoto ndani. Tangu juzi namsikia anaongea peke yake. Leo nimefungua."

Alishika ukuta.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta. Kakaa kitandani kanipa kisogo. Namsemesha, ananyamaza. Mtoto gani hana adabu, hata kugeuka hageuki."

"Amevaa nini?"

Mama Funguo akamtazama kama mtu anayetukanwa. "Si umemvalisha mwenyewe? Gauni la kijani. Na ulishone likamilike basi, fundi mzima. Mfuko upande mmoja tu."

Dada alimpita mbio. Akafungua. Kitanda kilikuwa kitupu. Shuka lilikuwa limebonyea kidogo, hapo katikati, pale ambapo mtu mzima hakai.

Tangu siku hiyo dada yangu akawa mtu mwingine. Aliomba ruhusa kazini akarudi saa za ajabu. Alivua viatu mwanzoni mwa korido, akatembea kwa vidole, akafungua mlango wake mwenyewe ghafla, kama mfumaniaji. Hakuona kitu. Alikaa ndani kutwa nzima bila kupumua kwa nguvu. Hakuona kitu. Alimwita kwa majina yote ya kumbembeleza. Kimya. Lakini kila alipotoka, na Mama Funguo akaingia, mtoto alikuwepo.

Yule aliyempenda hakumwona. Aliyemfukuza ndiye aliyemwona.

Kwa hiyo dada akaanza kumsubiri Mama Funguo barazani kila alasiri, kama anayesubiri posta.

"Leo umeingia, mama?"

"Nimeingia."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Anapapasa mto."

"Ana afya? Amekonda?"

"Wewe mwanamke una wazimu? Si mwanao? Mtoe humo ndani, mara ya mwisho nakwambia."

"Nitamtoa, mama. Na kesho utaingia?"

Aliniambia haya kwa uso unaong'aa, na mimi nikaogopa ule mng'ao kuliko habari yenyewe. Mtu aliyelia kwa sababu ya mlango unaofunguliwa ovyo, sasa anaomba ufunguliwe.

Aliyelikatiza jambo hilo ni muuguzi. Alimkuta Mama Funguo koridoni amebandika sikio kwenye mlango wa dada, akamwuliza anasikiliza nini.

"Mtoto wa fundi. Msikie anavyonong'ona."

"Mama," muuguzi akasema polepole, "mtoto wa fundi amekufa. Nilimfumba macho mimi."

Mama Funguo hakupiga kelele. Aliondoa sikio mlangoni taratibu. Halafu, nyuma ya ule mlango uliofungwa, ile sauti ndogo nayo ikakoma, kama mtu aliyegundua kwamba anasikilizwa.

Muuguzi aliisikia ikikoma. Siku hiyo hiyo alihamia kwa ndugu yake.

Baada ya hapo Mama Funguo hakuingia tena. Alihamishia kiti chake uani, mbali na korido. Dada alimfuata huko akambembeleza, akampigia magoti. Yule mama akawa anatikisa kichwa tu, midomo imemkauka. Funguo zote za akiba alizifunga kwenye kitambaa, fundo juu ya fundo.

Ndipo ofisi ya nyumba ikaita shauri. Malalamiko yale ya zamani, kila mtu alikuwa ameshayasahau. Nilimsindikiza dada. Kilikuwa chumba kidogo chenye feni mbovu, na afisa alikuwa mwanamke mtulivu mwenye miwani, aliyekuwa akiongea huku akipanga kalamu zake.

Alimsikiliza muuguzi, akawasikiliza wapangaji wengine. Akamwuliza Mama Funguo kama ni kweli. Mama Funguo akasema ni kweli, yote, bila kujitetea, hadi afisa mwenyewe akashangaa.

"Sikiliza, mama," afisa akamwambia. "Nyumba ni yako, hakuna anayekunyang'anya. Lakini chumba ukishampangisha mtu, ni chake mpaka atakapotoka. Ukitaka kuingia unampa taarifa mapema, unakuja na sababu, unapiga hodi, unasubiri kuitikiwa. Na ufunguo wa akiba mpe mpangaji mwenyewe. Kama nyumba inaungua, hiyo ni habari nyingine. Mgeni wake hakuhusu, mradi hasumbui watu. Na hili la watoto..." Aliinua ule mkataba akausogeza karibu na miwani. "Hili sharti la kumkataza mama asikae na mtoto wake ni maneno matupu. Mpangaji hakuwa na lazima ya kulifuata."

Dada aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Samahani. Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Halikuwa na nguvu tangu lini?"

"Tangu mwanzo, dada yangu. Tangu siku mlipolitia saini. Hata siku moja halikuwa na nguvu."

Ile feni ilikuwa inakwaruza. Nilisikia kila mkwaruzo.

"Kwa hiyo ningeweza kukaa naye," dada akasema.

"Ungeweza. Bado unaweza, mlete tu," afisa akajibu kwa ukarimu, akitabasamu, maana hakuna aliyekuwa amemweleza.

Dada hakulia. Aliitazama meza. Ni Mama Funguo aliyelia. Alilia vibaya, kwa sauti nene, kama mnyama, akasaidiwa kutoka nje.

Tulirudi pamoja sote watatu, mimi nikiwa katikati. Tulipofika mbele ya nyumba, Mama Funguo akafungua lile fundo, akautoa ufunguo wa akiba wa chumba cha dada, akamnyooshea. "Chukua. Nimeamriwa."

Dada akavirudisha nyuma vidole vya yule mama, akavifunga juu ya ufunguo.

"Nimekuruhusu. Mara moja tu. Ingia kama ulivyokuwa unaingia, uniangalizie."

"Siwezi, mwanangu."

"Unaweza. Ulikuwa unaweza kila siku."

Jua lilikuwa bado juu. Mtaani watu walikuwa wanauziana, mtu anapiga msumari mahali fulani. Korido ilikuwa baridi. Tukaenda hadi mlangoni. Dada akasimama akautazama ukuta, mgongo kwa mlango, akafumba macho. Alishaamini kwamba macho yake ndiyo yanayomfukuza mtoto. Nami nikageuka nikafanya vile vile.

Nilisikia ufunguo ukizunguka. Bawaba. Halafu hakuna kitu.

"Mama?" dada akanong'ona. "Yupo?"

Pumzi ya Mama Funguo ilikuwa inakatika.

"Yupo."

"Yuko wapi?"

"Kwenye kona. Nyuma ya magauni. Naona miguu."

"Anafanya nini?"

"Amejiziba mdomo. Kwa mikono yote. Ananiogopa."

Dada alinishika mkono. Kucha zake ziliingia.

"Mwambie asiogope."

Nyuma yangu nikasikia magoti yakigonga sakafu. Mama Funguo alikuwa amepiga magoti pale kizingitini. Sauti yake ilitoka nyembamba, siyo yake.

"Mwanangu. Ongea. Ongea unavyotaka. Hakuna atakayekugusa. Mama yako amekuja kukuchukua, yuko hapa nje."

Kimya.

Hanga moja ya nguo ikalia kwenye kamba. Kisha ya pili. Magauni yalikuwa yanasogezwa, moja moja, kutoka ndani.

"Anakuja," Mama Funguo akasema.

Sikugeuka. Naapa sikugeuka. Kitu kilinipita. Kiligusa sketi yangu chini ya kiuno, kama mtoto anayepenya kati ya watu wazima kwenye umati. Dada akapiga kelele moja fupi, akainama akakumbatia hewa. Alikumbatia hewa ile kwa muda mrefu sana. Nilipofungua macho alikuwa amechuchumaa, mikono imezunguka kitu kisichokuwepo, shavu limeegemea mahali ambapo hapakuwa na kichwa.

Alihama jioni ile ile. Mama Funguo ndiye aliyembebea godoro hadi barabarani. Nilimwuliza, alipokuwa analitua, ni nini hasa alichokiona mwishoni. Akafuta mikono kwenye gauni lake. "Alipofika kizingitini aligeuka akanitazama," akasema. "Nilimwona uso. Usiniulize zaidi." Baadaye nilisikia ameng'oa vitasa vyote vya korido ile, akawaambia wapangaji kila mmoja anunue kitasa chake na asimpe mtu ufunguo. Hajawahi tena kulala na mlango wake umefungwa.

Dada yuko kwangu hadi leo. Tunaishi. Anashona nyumbani, anasaidia kupika, anawacheka watu wa redioni. Kuhusu mtoto hasemi, na nami siulizi. Wapo waliotuambia tulifanyie jambo hili dawa, na wapo waliotuambia tuliombee. Tuliomba.

Sasa nieleze hili la mwisho, halafu niwaache. Mwezi uliopita, mchana, dada alipitiwa na usingizi kwenye mkeka sebuleni, nywele zake amezifumua ili azioshe. Nyumbani tulikuwa wawili tu. Wingu likatanda, nikatoka uani kuanua nguo. Sikukawia. Niliporudi alikuwa ameshaamka, amekaa, mkono kichwani, anapapasa upande wa kushoto juu ya sikio. Palikuwa na mikia mitatu ya nywele, imesukwa kombokombo, mmoja mnene, mmoja mwembamba, wa tatu umefungwa fundo kwa sababu msukaji alikuwa hajui kumalizia.

Dada alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu ule msiba, alicheka hadi akashika mbavu.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe kusuka hujui kabisa. Unasuka kama mtoto."

Nilisimama pale mlangoni, na nguo nilizokuwa nimezianua zimenijaa mikono yote miwili.